Majina Niliyompa Mwimbaji

Vijana wa duka la vyombo vya muziki mmeniomba niandike niliyoyaona kazini, nami nimekubali kwa sababu moja tu: naona mnadhani spika zilizaliwa pamoja nanyi. Mimi Bilali, niliyestaafu juzi juzi, nimefunga na kufungua vipaza sauti vya Rumonge tangu mwaka wa uhuru. Sitawaambia nililipwa nini wala nilipandishwa lini. Kupandishwa kwenyewe kulikuwa kuacha kubeba spika begani na kuanza kuzifunga kwenye baiskeli, na mgongo wangu hauoni tofauti. Nitawaeleza kazi ilivyokuwa, halafu nitawaeleza muziki wa alasiri moja, kwa sababu kila mnaponiuliza ni tamasha gani lililonipendeza kuliko yote nimekuwa nikiwadanganya na kuwatajia jingine.

Siku yangu ya kwanza, fundi wangu Papa Ramazani hakuniuliza kama najua umeme. Aliniuliza kama nimenawa. Alikuwa mzee aliyetoka ng'ambo ya Kongo, mwenye kofia ya vito na hasira za karibu, na alikuwa ameshaona vijana wengi wa Rumonge. Hapa kwetu kila mtu ana mafuta ya mawese vidoleni, hata asiyeyauza. Ampli za wakati ule zilikuwa na taa ndani yake, na ukizishika kwa mkono wenye mawese vumbi linanata, joto linapanda, na katikati ya wimbo mzuri unasikia sauti ya mtu anayekaanga samaki. Basi juma langu la kwanza la kazi lilikuwa juma la kunawa kwa majivu na sabuni huku yeye akinikagua kucha. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, nikikaguliwa kucha.

Baada ya kucha alinifundisha upepo. Mchana upepo unatoka ziwani na kuingia moja kwa moja kwenye mikro ya mwimbaji, ukivuma kama mtu mwenye pumu. Papa Ramazani aliivalisha mikro soksi ya mtoto, safi, nyeupe. Wanamuziki wa Bujumbura walicheka sana walipoiona. Jioni waliniuliza kwa siri soksi hiyo inauzwa duka gani. Gurupu, yaani jenereta, tuliiweka nyuma ya ukuta upande ambao upepo unaelekea, ili kelele zake ziende kwa jirani na si kwa wateja. Jirani alipewa kiti cha mbele bila malipo na kwa hiyo hakulalamika.

Na alinifundisha mwezi. Hili sikilizeni, maana hata leo kuna watu wanalikosea. Wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, wanavua kwa taa, na taa haina kazi mbalamwezi inapowaka. Siku za giza wanaume wote wako majini, na nyumbani wake zao wana kazi ya kuwapikia kabla hawajatoka na kazi ya kuanika watakaporudi. Siku za mwezi mpevu mitumbwi inalala, nyavu zinashonwa, na watu wamechoka kukodoleana macho nyumbani. Kwa hiyo muziki wa Rumonge ulifuata mwezi. Orkesta yoyote iliyotaka kupiga hapa ilimuuliza kwanza Papa Ramazani, naye alitoka nje, akatazama juu, akajibu.

Mwaka wa uhuru tulifanya kazi mpaka sauti zikatukauka. Asubuhi hotuba, mchana ngoma, alasiri rumba. Nakumbuka watu walivyokuja kutoka Minago na Gatete kwa miguu, wamevaa kila walichokuwa nacho, wengine viatu vikiwa mkononi mpaka mlangoni ili visichoke. Tulikuwa kundi la marafiki wanne wa mtaa mmoja, mtaa wa Waswahili. Mimi nilikuwa nyuma ya ampli. Karolina, Mkatoliki pekee kati yetu, alikuwa akiuza mawese sokoni na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko pilipili yake. Zabibu alikuwa mshonaji. Yusufu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mpole, na hakujua kucheza hata kidogo. Alihesabu hatua kwa midomo. Karolina alimwambia Zabibu mbele yetu sote kwamba mwanamume anayehesabu akicheza hataibiwa na mwanamke mwingine, na nadhani Zabibu aliyatia maanani, maana mwaka uliofuata walioana.

Yusufu alinisaidia kazi moja ambayo ninyi wa siku hizi hamuijui. Mwimbaji wa rumba, gitaa likishapanda, anaita majina ya watu waliokuja. Mtu akisikia jina lake kwenye spika anasimama, anarekebisha koti, anacheza kwa mwaka mzima. Lakini mwimbaji katoka Bujumbura au Kongo, atajua wapi jina la muuza chumvi wa Rumonge? Ilikuwa kazi ya fundi wa sauti kumnong'oneza. Na mimi nilikuwa sijui nusu ya watu, kwa sababu nilikuwa naangalia waya. Yusufu alikuwa amefundisha watoto wa kila nyumba. Alikuja pembeni ya meza yangu akanipa: yule ni Fulani wa Gatete, amepata mapacha, yule ni bibi yake Fulani, ametoka kuugua. Mimi nilimpa mwimbaji, mwimbaji aliita, na bibi aliyetoka kuugua alisimama akacheza na fimbo yake. Miaka kumi ya furaha yetu ilikuwa namna hiyo. Nilipata kuwaona watu wengi wakifurahi, na ninawashukuru.

Papa Ramazani alifariki kitandani kwake, amenawa, kabla ya mwaka wa sabini na mbili. Nimewahi kusema mbele za watu kwamba alibahatika, na sijarudisha neno hilo.

Mwaka huo mmeusikia kwa wazazi wenu, au mmesikia wakinyamaza. Huku kwetu kando ya ziwa kulizuka mapigano, watu wakauawa. Kisha ikaja zamu ya askari kukamata. Walichukuliwa walimu, makarani, wanafunzi, mtu yeyote ambaye mwingine alimtaja. Yusufu alitoka asubuhi na baiskeli yake kwenda shule, hakurudi. Kuna aliyesema alimwona juu ya lori. Kuna aliyeapa alimwona kwenye mtumbwi uliokuwa ukielekea Kigoma pamoja na watu wengine waliokimbia. Zabibu alikwenda komini, ofisi ya serikali, kuuliza, akaambiwa kwa upole asirudi tena kuuliza.

Hapo ndipo rafiki yangu alipokwama, na nataka mwelewe alikwama wapi. Mume akifa, mwanamke wa kwetu anakaa eda, majirani wanaleta mikeka na chakula, wanasema jina la marehemu na kumwombea. Shehe wetu alimwambia ukweli: bila shahidi wa kifo hakuna eda, na hakuna matanga. Basi hakuwa mjane na hakuwa mke. Mbaya zaidi, mtu akichukuliwa siku zile, jina lake nalo lilichukuliwa. Watu walikuwa na hofu. Kumtaja aliyechukuliwa kulikuwa kama kujiandikisha kwenda kumfuata. Majirani waliokula harusi yake walimsalimu Zabibu kwa haraka, wakamuuliza habari ya kushona, wakapita. Hawakuwa watu wabaya. Mimi mwenyewe nilimpelekea ndagala nikazungumza habari za mvua.

Karolina ndiye aliyeniambia. Alinikuta nikipangusa spika ambazo hazikuwa na kazi tena isipokuwa matangazo, akasema Zabibu ameacha kula vizuri, na kwamba anataka kitu kimoja tu duniani. Hataki mchele, hataki pole. Anataka kumsikia mtu mwingine akisema "Yusufu." Anasema nyumba nzima ni yeye peke yake anayelitamka, na ameanza kuogopa kwamba mtu huyo alimbuni mwenyewe.

Mwaka ulipokuwa unaelekea kwisha, ilitangazwa kwamba orkesta itatoka Bujumbura kuja kutupigia. Komini ilitoa ruhusa: waanze baada ya swala ya alasiri, wamalize kabla ya magharibi, sauti ya wastani, pasiwe na hotuba. Nilipoambiwa siku yenyewe nilitoka nje nikatazama juu, kama nilivyofundishwa. Walikuwa wamechagua katikati ya giza. Nilimwendea mjumbe wa komini nikamweleza habari za ndagala na taa, naye alinisikiliza kama mtu anayesikiliza ndoto ya mwenzake. Alisema wao wanafuata kalenda, na muhuri umeshapigwa.

Nilikuwa na huzuni. Muziki wa kwanza baada ya yote yale, na ua utakuwa mtupu. Nilimweleza Karolina, nikitegemea anisikitikie. Badala yake alifunga chupa zake za mawese na kusimama.

"Bilali, hiyo ndiyo siku yetu," alisema. "Batu yote itakuwa kwa maji. Hakuna macho. Zabibu tutamuleta."

Kumleta haikuwa rahisi. Tulimkuta kwenye cherehani yake. Alitusikiliza mpaka mwisho huku akishona, kisha akatuuliza yeye atakwenda muzikini kama nani. Mwenye msiba hachezi. Anayemngoja mumewe naye hapaswi kuonekana akistarehe. Akienda, watasema amemsahau, au watasema anajua alipo. Ni kweli, yote mawili yangesemwa. Karolina ndiye aliyejibu. Alimwambia aende kama rafiki yetu, kwa sababu cheo hicho hakuna aliyemnyang'anya. Zabibu alikata uzi kwa meno. Akasema atakuja akae nyuma.

Siku ilipofika, ua ulikuwa kama tulivyojua utakuwa. Viti vimepangwa vizuri, hakuna wa kuvikalia. Walikuja wazee wachache, mfanyabiashara mmoja wa nguo na wanawe, mama wawili kutoka kijiji cha Muhuta waliokwama kwa kukosa gari, na askari mmoja wa kulinda mlango, kijana aliyeonekana kutaka awe mahali pengine. Upande wa ziwa wavuvi walikuwa wanapakia taa zao kwenye mitumbwi. Mwimbaji, bwana mnene mwenye shati la kung'aa, alitazama viti na kumwambia mpiga gitaa afunge sanduku. Kwake ilikuwa aibu kuwapigia viti.

Nilimwendea. Mimi si mtu wa maneno mengi, na muda wote nilikuwa na waya mdomoni, lakini nilimwambia waliokuja wametoka mbali zaidi ya wanavyoonekana. Nilimwonyesha Zabibu, aliyekuwa ameingia na Karolina na kukaa kiti cha nyuma kabisa, amejifunika kitenge cha rangi isiyo ya msiba wala ya sherehe. Mwimbaji alimtazama, akauliza kama ile soksi kwenye mikro ni safi. Nikajua watapiga.

Wakapiga, jamani. Sijui niwaeleze vipi. Kwa miezi mingi sauti kubwa tuliyoisikia ilikuwa ya magari. Gitaa la kwanza lilipoingia, mzee mmoja wa mbele alivua kofia. La pili lilipoliitikia, mama wa Muhuta alicheka peke yake, akaziba mdomo, kisha akauachilia. Karolina hakungoja kuombwa. Alivua viatu akacheza katikati ya ua kama anayedaiwa na kila wimbo, akamvuta mwenye duka la nguo ambaye tumbo lake lilikuwa halijacheza tangu uhuru. Nilishika ampli kwa vidole safi, nikaiweka sauti ya wastani kama ilivyoandikwa, na nilikuwa na furaha iliyoniuma kifuani. Hata majini wavuvi waliokuwa wameanza kuondoka waliacha kupiga kasia, mitumbwi ikakaa pale inaelea.

Zabibu alikaa. Wimbo wa kwanza alitazama mikono yake. Wa pili mguu wake mmoja ulianza bila ruhusa yake. Wa tatu Karolina alikwenda akamkalia karibu, jasho likimtoka, na nikawaona wanacheka kitu. Nilikuwa sijaona meno ya Zabibu tangu mwaka uharibike. Nilifikiri tumemaliza kazi yetu, kwamba ndicho tulichokuja kufanya, nacho kilitosha.

Jua lilipoteremka na wimbo wa mwisho ukapanda, mwimbaji aliinama kwangu kuniomba majina. Nilimpa la Karolina, la mwenye duka, la mzee wa kofia. Akayaita, kila mmoja akasimama kwa zamu yake. Nilipogeuka, Zabibu alikuwa amesimama kando ya meza yangu.

"Mupe jina ya Yusufu," alisema.

Nilimwambia polepole kwamba askari iko mulangoni. Maneno yalinitoka ya nyumbani namna hiyo, kwa hofu.

"Mi namuona," alisema. "Ni jina tu, Bilali. Kama iko pahali, asikie. Kama haiko, mi nisikie."

Ninyi mtaniuliza kama niliogopa. Niliogopa sana. Lakini nilikuwa nimetoa majina kwa miaka kumi, na mengi alinipa yeye Yusufu, na nilimwona Zabibu akingoja bila kunisukuma. Nilimwinamia mwimbaji. Sikutaka kumdanganya, nikamwambia huyu ni mtu ambaye hayupo. Mwimbaji hakuuliza amekwenda wapi. Alivuta pumzi wakati gitaa likizunguka, akaishika mikro ile na soksi yake, akaita: "Mwalimu Yusufu! Yusufu wa Zabibu! Yusufu wa Rumonge!" Aliita kwa furaha, kama anavyoitwa mtu aliyekaa mbele amevaa koti jipya. Kisha, nikiwa bado nimeinama, aliita jina jingine ambalo mimi sikumpa, jina la mtu wa kwao, na mpiga besi nyuma yake akafunga macho.

Niliongeza sauti. Haikuwa ya wastani tena. Askari aligeuka akanitazama, na nikamtazama, na vidole vyangu vilibaki pale pale kwenye kitufe. Alikuwa kijana mdogo kuliko nilivyodhani. Akageuza uso akaangalia barabara, akaendelea kuiangalia mpaka wimbo ukaisha.

Na Zabibu akacheza. Alicheza wima, mikono yake ikiwa imeshika ncha za kitenge, machozi yakishuka bila yeye kuyafuta, na midomo yake ikihesabu hatua. Karolina alicheza mbele yake ili kama kuna wa kutazama amtazame yeye. Nilikata sauti kabla ya adhana, kama inavyotakiwa, na mwimbaji akaja kunishika mkono. Orkesta ikapakia vyombo, ikaondoka kabla ya giza.

Tuliwasindikiza wanawake nyumbani, mimi na baiskeli yangu yenye spika. Mtaani wanaume walikuwa wameshakwenda majini, na wanawake walikuwa milangoni na masufuria yao. Walitunyamazia tulipopita, na kila mlango ulivyonyamaza ndivyo nilivyozidi kujiuliza tumemfanyia nini Zabibu. Mama Asha, jirani wa ukuta mmoja, aliyemshika Zabibu mkono siku ya harusi na ambaye kwa miezi yote hiyo alikuwa hamzungumzishi chochote zaidi ya vifungo na pindo, alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, kizingitini. Aliacha majani yakaanguka kwenye ungo.

"Zabibu," alisema, "tumesikia."

Zabibu alisimama. Karolina akataka kumvuta waingie ndani, naye akautoa mkono wake taratibu.

"Mumesikia nini, mama?"

Mama Asha alitazama barabara upande wa juu, akatazama upande wa chini. Kisha akainuka, akajipangusa mikono kwenye kanga, akaja mpaka alipokuwa amesimama Zabibu.

"Yusufu," alisema. "Tumesikia Yusufu."